Fumba Macho, Tuombe

Pale Mumbuni ukiuliza nyumba ya Ndila, utaonyeshwa geti la kijani, na kama ni saa ya chakula utaambiwa usiwe na haraka. Ndila alikuwa mtu wa maombi. Akiombea chai, ilitanda ngozi juu. Akiombea ugali, ulipoa mpaka ukapasuka. Aliwataja wagonjwa kwa majina, wasafiri, wajane, mvua, shule, mbuzi wa jirani aliyepotea, na mwisho kabisa ndipo alipokikumbuka chakula chenyewe. Watoto wake walipokuwa wadogo walizoea kufungua jicho moja kuhakikisha nyama bado iko. Siku moja Justus, kifungua mimba wake, alichoka akasema, “Mama, Mungu amesikia. Saa hii hata yeye anahisi njaa.”

Ndila alicheka kama wengine. Utani wa maombi haukumuumiza. Elimu yake ilikuwa ya msingi, mume alikuwa amezikwa zamani, na kazi yake ilikuwa kuuza nafaka sokoni Machakos: ndengu, mbaazi, kunde, na mahindi yaliyokobolewa ya kupikia muthokoi. Hakuwa na kitu kingi cha kujivunia duniani. Lakini wamama wa kanisa walipotaka mtu wa kuombea chakula cha wageni, waligeuka wote wakamtazama yeye. Hapo ndipo moyo wake ulipoketi.

Kisha Linet akaletwa.

Linet alikuwa mtoto wa Ndunge, binti wa mwisho wa Ndila. Ndunge alishona katika kiwanda cha nguo kule EPZ, na alikaa Mlolongo katika nyumba ya kupanga pamoja na mwanamume mmoja ambaye si baba ya mtoto. Huyo mwanamume alikuwa na mkono mwepesi. Jioni moja majirani waliposikia sauti imezidi, walivunja mlango. Ndunge akapelekwa hospitali nyonga ikiwa imevunjika, mwanamume akapelekwa rumande, na msichana, ambaye alikuwa bado hajang'oa jino hata moja, akachukuliwa na mjomba wake Justus mpaka Mumbuni, nguo zake zikiwa ndani ya mfuko wa unga.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Linet hakuna aliyeiona. Hakulia wala hakusumbua, hata mama yake hakumuulizia. Alikaa tu, na hakula. Shingo yake ilikuwa nyembamba kama bua la mtama, na mlango ukigonga kwa upepo alikuwa amekwisha kuingia chini ya kitanda kabla Ndila hajageuka.

Ndila akampeleka kliniki. Kijana wa lishe pale aliitwa Wathome, mtoto wa watu mwenye sauti ya chini. Alimpima Linet, akamshika mkono akiuangalia kama mtu anayeangalia mche uliosinyaa, kisha akamwambia Ndila, kama anavyoitwa bibi, “Susu, mtoto huyu ameogopa mpaka tumbo limefunga. Dawa yake iko jikoni kwako. Kila siku vilevile. Uji wakati uleule, chakula wakati uleule, kiti kilekile, sahani ileile. Akishajua kitu gani kinafuata, moyo utatulia, na moyo ukitulia atakula. Mpe yai, ndengu, mboga ya kijani, parachichi, maziwa. Kidogo kidogo lakini mara nyingi. Asaidie kupika pia. Na usimlazimishe.”

“Kila siku vilevile,” Ndila akarudia.

“Ii, Susu. Vilevile.”

Alilibeba neno hilo nyumbani kama mtu aliyebeba maji mkononi. Na wallahi, kama wanavyosema majirani zake Wasomali, alilishika. Alimwachia mwanamke mwenzake kibanda cha soko asubuhi, akarudi kuwa mama tena katika umri wa kuitwa Susu. Kulipokucha kulikuwa na uji wa wimbi wenye maziwa. Baada ya uji, kuwapa kuku chakula. Baada ya kuku, kuketi kwenye mkeka na kuchambua ndengu, na hapo Linet alikuwa na jicho kali kweli, kijiwe hakikumpita. Kisha kuosha mikono, kisha mezani. Jioni hivyo hivyo, kuoga kwa maji ya moto, mezani, na kulala taa ikiwa imewashwa ukumbini.

Uji aliunywa. Aliushika kwa mikono miwili, ameketi kizingitini pa jikoni akiangalia kuku, na kikombe kilirudi kitupu. Ndila alishukuru Mungu. Uji huo alikuwa amekwisha kuuombea alfajiri, kabla mtoto hajaamka.

Mezani ndipo mambo yalipokwama. Ndila alipakua, akaketi, akakunja mikono juu ya meza, akasema maneno aliyoyasema maisha yake yote: “Fumba macho, tuombe.”

Akafumba yeye. Akaomba. Alipofika amina na kufungua, Linet alikuwa vilevile, mikono chini ya mapaja, chakula hakijaguswa. “Kula, mama.” Linet hakula. Alichukua kijiko, akakiweka. Mchana hivyo, jioni hivyo. Kesho yake vilevile.

Ndila akadhani ni chakula. Akabadilisha ndengu kwa mbaazi, mbaazi kwa kunde. Akakaanga yai na kitunguu mpaka harufu ikafika barabarani. Akaongeza kitu kimoja tu alichokiamini kuliko vyote: akarefusha maombi. Sasa alimwombea Linet mwenyewe, kwa jina, mbele ya sahani yake, pepo wa woga amtoke. Mtoto akazidi kukauka.

Siku moja katikati ya maombi, inzi akatua puani kwa Ndila. Akafungua macho amfukuze, na hapo akaona. Linet alikuwa amekodoa macho, makavu, makubwa, hayapepesi. Alikuwa akiutazama mlango, kisha Ndila, kisha mlango.

Kuna mtu angeona hayo na kuuliza kuna nini. Ndila aliona kiburi. Alikumbuka huyu mtoto amelelewa katika nyumba isiyo na neno la Mungu, akajisemea mti hukunjwa ungali mbichi.

“Linet. Kwa nyumba hii tukiomba tunafumba macho.”

Linet akamwangalia.

“Fumba.”

Hakufumba.

Ndila akachukua sahani nyingine akaifunika sahani ya mtoto. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote. Aliifunika kwa upole kabisa, kama anayemfunika mtoto blanketi. “Chakula kitangoja. Ukifumba macho tukaomba, tutakifunua.” Wakakaa hivyo. Mvuke ukawa unatoka kati ya zile sahani mbili, mwishowe ukaisha. Kisha Ndila akasikia kitu kinadondoka sakafuni, akainama kuangalia chini ya meza, akaona mtoto amejikojolea.

Alimwosha, akambadilisha nguo, akamlaza bila chakula. Akajiambia ni nidhamu. Kesho yake akaifunika sahani tena.

Waliporudi kliniki, Wathome aliangalia mizani, akamshusha Linet, akampandisha tena. “Susu, mtoto amepungua.”

“Ninafanya kila siku vilevile, mwanangu. Hakuna siku nimeruka.”

“Najua umejitahidi. Lakini nikiona hivi tena itabidi alazwe. Na akilazwa, watu wa ofisi ya watoto watauliza anakaa na nani, pengine waseme akae mahali pengine mpaka mama yake apone.”

Ndila alitoka pale akirudia maneno mawili. Mahali pengine. Angemwambia nini Ndunge, aliyelala kitandani akihesabu tu kwamba mtoto yuko kwa Susu? Na kanisani je? Ndila mwombaji, aliyewalisha harusi na matanga, mjukuu wake mmoja amemshinda kulisha.

Siku chache baadaye, akiwa bado na uchungu huo, ndipo Mama Kitheka alipomkuta getini. Mama Kitheka alikuwa mwenyekiti wa wamama wa kanisa, mwanamke mwema, lakini habari haikuweza kukaa kinywani mwake usiku mmoja.

“Ndila, wakya,” akamsalimu.

“Aa,” Ndila akaitikia.

“Si nilidhani mjukuu wako hali?”

“Hali, dada. Tunaendelea kuomba.”

“Basi ombeni hapo kwa Haweya, maana huko anakula kama mtu wa mjengo. Nimemwona jana nikipita na hata leo. Ati wewe ndio mwombaji wetu, na mtoto wako ananenepeshwa na Bismillahi!” Akacheka, akaenda zake na mwavuli wake.

Haweya alikuwa mmoja wa wale Wasomali, jirani wa ua mmoja. Mumewe Salad alinunua ng'ombe na mbuzi na kuwapeleka Nairobi, na binti yao Habon alikuwa mdogo kidogo kwa Linet. Watoto walicheza pamoja kupitia pengo la ua, na Ndila hakuwa na neno. Sasa alilipita pengo hilo mwenyewe, leso ikikwama kwenye mabati, akaivuta ikararuka.

Walikuwa ukumbini, mlango wazi. Sinia moja la wali, nyama ya mbuzi, ndizi mbivu zimekatwakatwa pembeni. Habon huku, Linet kule, na Linet alikuwa anatafuna. Mashavu yote mawili yamejaa, mafuta yamefika kiwikoni, akipeleka tonge lingine kabla la kwanza halijashuka. Ndila hakuwahi kuona meno ya mtoto huyu yakifanya kazi.

Angepiga magoti ashukuru. Badala yake aibu ilimchemka ikapanda kama maziwa yaliyoachwa motoni.

“Haweya!”

“Karibu, mama Justus. Ingia, chakula iko.”

“Chakula yako sitaki! Nani amekupa ruhusa ya kulisha mtoto wangu?”

“Ruhusa?” Haweya akaweka jagi chini. “Mtoto amekuja, amekuta watu wanakula.”

“Kwani kwangu hakuna chakula? Mtaa mzima unanicheka! Unamlisha ama unamsilimisha?”

“Mama, mimi nimempa wali. Dini sijampa.”

“Wewe usinijibu hivyo! Mimi ni mama mzima, nimezaa, nimelea—” Na kidole cha Ndila kilikuwa juu, na sauti yake ilikuwa imejaza nyumba ile ya mtu mwingine.

Linet alimeza. Alimshika Habon mkono, akamvuta kutoka kwenye mkeka mpaka chini ya kochi, akamsukuma ndani kabisa ukutani, akajikunja mbele yake kama kuku juu ya kifaranga. Kisha akaweka kiganja chake chenye mafuta juu ya macho ya Habon, akasema polepole, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka:

“Fumba macho. Fumba tu, mama. Ni kidogo, inaisha saa hii.”

Hakuna aliyesogea. Kidole cha Ndila kilibaki juu, kikawa kama si chake.

“Subhanallah,” Haweya akasema kwa pumzi.

Habon akaanza kulia, naye Linet akamnyamazisha, “Shh. Ukifumba hauoni.”

Ndila alishusha mkono. Maneno yale aliyajua. Aliyasema mchana na jioni, kila siku vilevile, mbele ya sahani. Alikuwa na hakika anamfundisha mtoto kumkaribia Mungu, kumbe kila alipoyasema mtoto alikuwa anangoja kupigwa.

Haweya alipiga magoti kando ya kochi, hakuwavuta, akanyoosha tu mkono ukakaa pale. Kisha, bila kumgeukia Ndila, akasema, “Mama, huyu siku ya kwanza hakukula hata kwangu. Mimi nilisema Bismillahi yangu, nikaanza kula. Yeye ananiangalia tu usoni. Halafu akaniuliza, ‘Nyinyi hamfumbi?’ Nikamwambia, kufumba ya nini, nitaona aje nyama? Akacheka. Ndio akakula.”

“Alicheka?” Ndila akauliza.

“Alicheka.”

Ndila alirudi kwake kwa njia ya barabara, hakuwa na uso wa kupita pengo tena.

Jioni ile, Linet alipolala, alimpigia Ndunge simu. Aliuliza nyonga, akauliza dawa, akazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mwishowe akasema, “Ndunge, ulikuwa unamwambia mtoto afumbe macho?”

Ndunge alijibu kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kikamba. “Yule mtu alikuwa anakuja wakati wa chakula, mwaitu. Akikuta kitu kimekosa chumvi, ama akikosa tu sababu. Nikisikia ufunguo namwambia Linet fumba macho. Nilitaka asione.” Akavuta kamasi. “Kwa nini unauliza? Amesema kitu?”

Ndila alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi, sahani juu ya sahani.

“Nauliza tu,” akasema. “Lala vizuri.”

Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema, na wengi hujifunika na usemi huo wakalala. Ndila alijaribu, haukumtosha. Maana ya yale maneno hakuijua, sawa. Lakini lile dimbwi chini ya meza alilijua. Alilipangusa kwa mkono wake, na kesho yake akachukua sahani akafunika tena. Alipiga magoti kando ya kitanda kuomba msamaha, akafumba macho, na alipofumba tu akamwona mtoto mezani. Akafungua. Akafumba, akamwona. Aliomba akiwa ameukodolea macho ukuta kama mtu mgonjwa, na maneno yake, yale mengi, hayakuja.

Asubuhi alipima ndengu nzuri ndani ya mfuko akaenda kwa Haweya, safari hii akabisha hodi mbele.

Haweya aliuangalia mfuko. “Hii ni ya msamaha ama ya kuninunua?”

“Ni ya aibu,” Ndila akasema.

“Basi kaa chini, aibu haibebwi ukiwa umesimama.” Akamimina chai ya maziwa yenye iliki. Wakanywa. Kisha Haweya akasema, akiangalia kikombe, “Mimi pia niko na yangu. Nilijua kwako hali, kwangu anakula. Ningekuja kukuambia. Lakini nilifurahi kidogo, mama. Watu wa kanisa lenu wananipita hapa kama mti. Nikasema, wacha waone. Allah anisamehe.”

Ndila alipiga funda lingine. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunywa chai katika nyumba ile, na walikuwa majirani tangu Habon hajazaliwa.

Mchana ule alipakua muthokoi na mboga ya kunde. Linet akapanda kiti chake, mikono ikaingia chini ya mapaja, macho yakaenda mlangoni. Ndila alijua anangojea neno.

“Leo hatufumbi,” akamwambia.

Linet akamtazama kope, moja baada ya nyingine, kama anayechambua ndengu.

“Baba, asante kwa chakula,” Ndila akasema. Kope zake zilikuwa zinaanguka zenyewe, amezizoesha miaka yote hiyo, akazishikilia wazi mpaka machozi yakatoka. “Amina.”

“Imeisha?” Linet akauliza.

“Imeisha.”

Hakula. Ndila hakufunika sahani, hakusema kula, alikula chake. Jioni vilevile. Siku iliyofuata Linet alichukua punje moja ya muthokoi kwa vidole, akaitafuna akimwangalia Ndila, akangoja. Hakuna kilichotokea. Akachukua nyingine. Baadaye kidogo ikawa kijiko, na parachichi, na siku moja akasema yai linataka chumvi, kisha akaogopa alichosema, akaruka chini ya meza. Ndila alichukua kikopo cha chumvi akakiweka sakafuni karibu naye, naye akaketi sakafuni. Wakalimalizia yai hukohuko.

Wathome alipompima alisema hajaongezeka lakini hajapungua. “Endelea vilevile, Susu.” Ndila aliitikia. Neno lile sasa lilimchoma kama miiba.

Ilibaki Alhamisi ya wamama wa kanisa, waliokula pamoja nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Ndila, na alikuwa amekwisha kuwaalika kabla ya mambo haya. Alifikiria kumpeleka Linet kwa Haweya kwa saa zile. Ingekuwa rahisi. Lakini saa ya chakula cha mchana ilikuwa saa ya Linet, na kiti kilikuwa chake, na Ndila aliogopa kumng'oa pale alipoanza kushika mizizi. Akawakalisha wageni kwenye mikeka na makochi, Linet akakaa kitini pake, sahani mbele yake, kimya lakini bila kutetemeka.

Mama Kitheka akasimama, akarekebisha kitambaa kichwani. “Wapendwa, chakula tunakiona. Dada yetu Ndila atatuombea, na tunajua maombi yake, kwa hivyo walio na njaa wavumilie.” Wakacheka. “Sasa wote tufumbe ma—”

“Hapana!” Ndila akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Aliona mgongo wa Linet umekakamaa, mikono ikirudi chini ya mapaja. Akashusha sauti.

“Hapa kwangu hatufumbi tena macho tukiombea chakula. Naomba mnivumilie.”

“Ndila,” Mama Kitheka akasema kwa upole wa kumsaidia asijiaibishe, “unaumwa?”

“Siumwi. Mtoto huyu alipokuwa kwao, akiambiwa maneno hayo ndipo vita vinaanza.” Alikuwa anataka kukomea hapo. Wangemhurumia, wangesema maskini, na jina lake lingebaki safi. Ndunge peke yake ndiye angeonekana aliyeishi vibaya. Ndila aliushika ukingo wa meza. “Mimi sikujua. Lakini nilimwona anaogopa, nikasema ni kiburi. Nikamfunikia chakula. Alijikojolea hapa, chini ya meza hii, na kesho yake nikamfunikia tena. Mimi, mwombaji wenu. Nilimnyima mtoto chakula nikimwita Mungu. Na yule aliyemlisha ni Haweya, nami nikaenda nikamtukana nyumbani kwake.”

Mama mmoja akaanza kuangalia leso yake kama anatafuta tundu. Mama Kitheka alikuwa bado amesimama, uso umemshuka, na huenda alikuwa anakumbuka mwavuli na kicheko chake.

Aliyesema kwanza ni Syombua, mkongwe wao, aliyeongozwa kwa mkono tangu macho yalipofunikwa na ukungu. “Mimi yangu yafungwe, yafunguliwe, ni giza lilelile,” akasema. “Na Mungu ananisikia. Omba, Ndila, hii nyama nainusa tangu nije.”

Wengine walicheka kwa pua. Ndila akaomba macho wazi, maneno machache. Haikuwa sala nzuri. Wawili watatu walifumba kwa mazoea, wakashtuka wakafungua, wakatazamana, na hakuna mtu aliyejua aweke wapi macho yake. Mama Kitheka aliangalia dari. Amina ilitoka vipande vipande.

Kisha wakasikia kijiko kikigonga sahani. Linet alikuwa anakula, haraka haraka, akiwaangalia wote mmoja mmoja.

Hawakukaa sana. Wakati wa kuaga, Mama Kitheka alimshika Ndila mkono, akataka kusema kitu, akasema tu chakula kilikuwa kizuri. Wengine walimpa ncha za vidole. Ndila alijua Jumapili watu watakuwa wanaongea wakimwona wananyamaza, na zamu ya kuombea wageni itapata mtu mwingine. Wamama walipokwisha kufika barabarani ndipo alipokumbuka kwamba hata Bwana, alipoishika ile mikate mbele ya umati, aliinua macho juu. Jibu zuri, limekuja vyombo vikiwa vinaoshwa.

Alifuta mikono, akatoka uani na simu. Ndunge alipokea mara moja.

“Ndunge, siku ile nilikudanganya. Sikuuliza tu.”

Akamwambia yote, hata dimbwi, hata ile siku ya pili. Hakuongeza kwamba hakujua. Alipomaliza, aliitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika.

“Mwaitu,” Ndunge akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya kusamehe wala ya kulaumu, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kitu kimoja. “Leo amekula nini?”

Ndila alichungulia dirishani. “Muthokoi. Na nyama kidogo. Na mboga.”

“Amemaliza?”

“Anakwangua sufuria.”

Ndunge alianza kulia. Ndila alisimama pale uani, simu sikioni, akamsikiliza mpaka mwisho, bila kumwambia nyamaza na bila kumwombea.